Pale Nakato Anapolia

Nabuyonga, Mbale
Jumapili, 15 Juni 2025

Kaka Wahab,

Assalaam alaykum. Leo ni tarehe kumi na tano Juni, na nimeapa kukuambia kila kitu bila kuficha, hata lile litakalokufanya uninunie. Ningekupigia kwa simu ya shangazi, lakini kwenye simu unanichekesha, na nikishacheka nasahau nilichotaka kusema. Otim atakuletea barua hii kesho atakapokuja Jinja kujaza flashi zake za filamu.

Siku ya Idd, baada ya chakula, Shangazi Hadijah alikaribisha majirani sebuleni. Binti yake Madinah akachomeka flashi yako, ile filamu ya Nakato uliyoitafsiri, sehemu ya sita. Uliposema, "Haya Mbale, kaeni sawa, Nakato amevaa glovu!" wote walinyamaza, nami nikamnong'oneza Namono, yule jirani yetu mzee anayeuza malewa, machipukizi makavu ya mianzi, kwamba huyo anayetafsiri ni kaka yangu wa tumbo moja. Akasema, "Huyu anayepiga kelele?" Nikasema ndiye.

Mwalimu Docus, anayetufundisha Kiswahili, anasema ukitaka kukosoa hadithi, ieleze kwanza ili ijulikane kama umeielewa. Basi naeleza. Kuna nesi katika mji wa mbali. Akimgusa mtu aliyeumia, jeraha linahama na kuingia mwilini mwake. Yeye hafi, lakini anaumia kama sisi, na kovu linabaki. Jina lake la kizungu halitamkiki, kwa hiyo ukamwita Nakato. Mwanajeshi anayemwinda ili amtumie asife vitani ukamwita Afande. Nakato anapigana vizuri, na anatania kuhusu kifo chake mwenyewe. Alipomwambia yule dereva, "Mgongo umejaa, tumbo limejaa, nimebakiza kisigino. Kesho ukipigwa risasi, pigwa kisiginoni," nilicheka mpaka nikapaliwa, na papo hapo nikamhurumia. Utani ule ni wake, unatoka kwenye jeraha lake.

Lakini kuna pale anapofua shati la marehemu baba yake kwenye beseni. Hasemi neno karibu dakika mbili. Ananusa kola, halafu analia. Wewe ukasema, "Mnaona? Sabuni imemwingia machoni! Dada, punguza povu!" Sebule nzima ikacheka. Shangazi akainuka akaenda jikoni, na jikoni hapakuwa na kitu motoni. Aliacha bomba likitiririka muda mrefu. Unajua kwamba baba alikuwa kaka yake wa pekee.

Kaka, utani ule haukuwa wa Nakato. Ulikuwa wako, nawe uliutupa kutoka nje kama mtu anayerushia msiba jiwe. Samahani kwa neno hilo. Nimelifuta mara mbili nikaliandika tena kwa sababu niliapa.

Jambo la pili. Siku ya Idd hukupiga simu. Ijumaa iliyopita pia hukupiga. Tangu baba afariki hujawahi kuacha Idd ipite bila kuniimbia ule wimbo wako mbaya. Nimekukosea nini?

Mdogo wako,
Ruqaiya Zubair
(Senior Three)


Walukuba, Jinja
Jumatano, 18 Juni 2025

Kwa Ruqaiya, mkaguzi wa shule zote na vibanda vyote vya video,

Wa alaykum salaam. Otim anasema barua yako ni nzito kuliko flashi zake zote, na safari ijayo ataipakia na mizigo.

Sijakukasirikia. Nimefungwa mdomo. Daktari aliingiza kamba yenye taa kooni mwangu, akachungulia kama mtu aliyedondosha ufunguo kisimani, akasema kuna kauvimbe humo, kadogo tu, punje ya maharage. Nisiongee wiki sita, hata kunong'ona. Nikamwandikia: na nikiona nyumba inaungua? Akasema, kimbia. Kwa hiyo mimi, ambaye Walukuba nzima inanijua kwa mdomo, sasa naomba chai kwa vidole. Rehemah anasema tangu tuoane nyumba haijawahi kuwa na amani namna hii, anamwombea daktari heri. Basi na wewe mwombee maharage wetu, mgeni aliyefika bila kubisha.

Sasa nikujibu. Wewe uliitazama kwenye kochi la shangazi. Njoo ukae kwenye kibanda cha video cha Muzafaru. Mabenchi kumi na manane, watu mia na kitu, joto, na kila mmoja ametoka kubeba kitu kizito. Hawajui Kiingereza cha wale watu wa kwenye filamu. Mimi ndiye Nakato, mimi ndiye Afande, mimi ndiye mbwa wa Afande. Nikinyamaza sekunde kumi mtu anapiga kelele, "Mashine imekufa!" Mwingine anamrushia ganda la karanga. Wa tatu anajibu yeye badala ya Nakato, na anachojibu siwezi kukiandikia mtoto wa shule. Ukimya ni tundu, Ruqaiya. Vijei asipoliziba kwa tafsiri yake, wataliziba wao.

Lakini kwa kuwa unajua sana kulia, haya. Sehemu ya saba nilikwisha kuirekodi kabla ya kufungwa mdomo. Imebaki ya nane, ya mwisho. Ninampa Otim flashi yenye picha na maandishi ya Kiingereza chini. Andika wewe Kiswahili chake chote, kila anayefungua kinywa, mpaka mbwa. Mimi nitakisoma nikifunguliwa. Tuone kama kwenye kalamu yako watu wanalia bila kurushiana karanga.

Kaka yako bubu,
VJ Wahab


Nabuyonga, Mbale
Jumapili, 6 Julai 2025

Kaka Wahab,

Assalaam alaykum. Barua yako imesomwa kwa sauti mbele ya Madinah, Shangazi na Namono, na tulipofika kwa ufunguo na kisima Madinah aliteleza kwenye kiti. Nimekuelewa. Hutaki kunipigia kwa sababu ya lile neno langu la jiwe, basi umejitungia daktari. Unastahili kunyamaza, na mimi nastahili kunyamaziwa. Nisalimie punje ya maharage. Mwambie awahi kuiva, shangazi ana sufuria tupu na sisi tuna njaa.

Sasa kazi. Nimeandika kurasa ishirini na saba. Naitazama na Madinah saa ya alasiri, dakika tano tano, narudisha nyuma, naandika. Nilidhani kulia ndiko kutakuwa kugumu. Kumbe kugumu ni kutania.

Kwa mfano, Nakato anakwenda kwa fundi wa majeneza kujipimia. Fundi anamwuliza anataka la mbao gani. Anasema, "La bei rahisi, silali sana." Kwa Kiingereza ilikuwa ndefu zaidi na ilitaja kitu ambacho hatuna hapa. Nilimwonyesha Mwalimu Docus. Alicheka, halafu akavua miwani akaniuliza, "Anapochekesha hivi, anaogopa nini?" Nikasema sijui. Akasema nisiandike neno lingine mpaka nijue. Nilikaa nalo siku mbili. Nadhani anaogopa kwamba akiacha kutania watu wataanza kumtazama makovu.

Na ngumi. Pale Nakato anapopigana na watu sita kwenye ngazi, kila mtu anasema kitu huku anaanguka, nami nimewaandikia wote. Madinah alisoma kwa kasi akitazama picha, akachelewa kabisa. Mtu alikwisha kuanguka chini ya ngazi, Madinah bado anamsemea akiwa juu.

Kisha Afande. Wewe humsemesha Kiswahili cha wanajeshi wa vizuizi vya barabarani enzi zile, "Wewe! Toa kitambulisho! Lala chini!" na watu hucheka kwa sababu wazee wanakikumbuka na vijana wamekisikia kwa wazee. Nami nilimwandika hivyo hivyo. Namono alikuwa amekaa mlangoni akifungua mafungu yake ya malewa, akasema, "Huyo hatishi."

"Kwa nini, mama?"

"Mimi nilikuwa msichana kama wewe, kule mtaani Namatala. Waliokuja kumchukua baba yangu hawakupiga kelele. Mmoja alisema, 'Tafadhali mzee, vaa viatu, tutakurudisha.' Kiswahili kizuri kama cha kwenye kitabu chako hicho."

Akaendelea na malewa yake. Nimemwandika Afande upya. Sasa anasema tafadhali, na hapigi kelele hata mara moja.

Pale pa kulia sijapamaliza. Nakato anachomwa kisu, na jeraha lake mwenyewe halina mtu wa kulichukua. Anakaa kwenye ngazi za hospitali, mama yake kando yake. Nimeacha mstari mtupu.

Unisamehe lile jiwe, kisha unipigie. Umenitania ya kutosha.

Mdogo wako,
Ruqaiya


Walukuba, Jinja
Ijumaa, 11 Julai 2025

Wifi yangu Ruqaiya,

Salaam. Mimi si mwandishi kama nyinyi wawili, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja.

Daktari hakutungwa. Nilikuwepo. Niliona picha ya koo lake kwenye kioo cha kompyuta. Kauvimbe kapo, na wiki hizi tano hakajapungua, kameongezeka. Sehemu ya saba aliyokuambia aliirekodi kabla, aliirekodi baada. Alijificha chini ya blanketi na kipaza sauti kwa sababu Muzafaru alikuwa anamngoja, na baada ya hapo sauti ikakatika yenyewe. Muzafaru anadhani ni mafua. Kila mtu anadhani ni mafua.

Barua yako ilipofika aliisoma amesimama. Alipofika kwenye sufuria alicheka. Wifi, hujaona mtu akicheka bila sauti. Kisha akatoka akakaa nyuma ya nyumba, akarudi, akaanza kukuandikia kwamba wewe ni mshindi na kila kitu ni kizuri. Nimemnyang'anya kalamu. Hii naiandika bila ruhusa yake.

Amepangiwa kupasuliwa Kampala tarehe ishirini Agosti. Watautoa uvimbe, waupime. Hakutaka nyinyi mjue, hasa Shangazi Hadijah, kwa sababu marehemu baba yenu naye alianza hivi hivi.

Usimpigie, hawezi kujibu. Andika.

Wifi yako,
Rehemah


Nabuyonga, Mbale
Jumapili, 13 Julai 2025

Kaka,

Rehemah ameniandikia. Usimgombeze.

Uliniambia ukweli wote tangu barua ya kwanza. Uliandika daktari, kamba, taa, wiki sita. Nami niliyekufundisha kurasa tatu kuhusu utani unaotoka kwenye jeraha, nilipouona wa kwako niliwasomea watu sebuleni wacheke. Halafu nikaongeza wangu.

Nimemwambia shangazi. Nilitaka kuficha nikashindwa, kwa kuwa uso wangu haufichi kitu. Hakulia. Aliniuliza tarehe ya kupasuliwa, akaizungushia duara kwenye kalenda, kisha akaenda kuswali, na alikaa kwenye mkeka mpaka chai ikapoa.

Sijui nikuandikie nini kingine. Sijui kutafsiri hili. Sitakuambia utapona, kwa sababu sijui. Naomba wapone mdogo na mkubwa wetu, ndivyo ninavyosema kila baada ya swala, halafu nakumbuka wewe ndiye mkubwa wetu.

Kurasa nimezimaliza. Nakutumia zote. Kama hutaki kuzisoma, zifungie karanga.

Ruqaiya


Walukuba, Jinja
Alhamisi, 17 Julai 2025

Ruqaiya mdogo wangu,

Sikugombeza mtu. Nitagombeza kwa kidole?

Nikuambie jambo ambalo hata Rehemah halijui lote. Baba sauti yake ilipoanza kukwaruza, wewe ulikuwa na miaka kumi. Aliadhini msikitini kwetu miaka kumi na tisa, unakumbuka. Alfajiri moja ikatoka kama bawaba kavu. Tulikaa kwenye chai, mimi nikamwambia, "Baba, umemeza jogoo, lakini umemmeza upande." Akacheka sana. Akawa analirudia mwenyewe kwa wageni. Tulimtania miezi minne, Ruqaiya, mpaka daktari wa Kampala akatuambia jina la ule ugonjwa. Kwa hiyo usijitese na sufuria yako. Katika nyumba yetu ndivyo tunavyopimana joto. Hatuna kipimo kingine.

Siku ya mazishi wazee walinipa kopo la maji ya kumwoshea baba, wakasema mtoto wa kiume aanze. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Mikono ilijua la kufanya, mimi sikuwa ndani yake. Nilipotoka, shati lake la kijani lilikuwa kwenye ndoo uani, limerowekwa. Sijui nani alilirowesha. Nikalifua. Hakuna aliyeniambia nilifue, na hakuna aliyeniambia niache.

Ile sehemu ya sita niliirekodi mara nne. Mara tatu, Nakato akinusa kola, sauti yangu ilikatika. Huwezi kuuza flashi ambayo vijei analia. Mara ya nne nikatia sabuni. Haikukatika. Umeniita mtu anayerushia msiba jiwe. Nilikuwa ndani ya msiba, mama.

Lakini bado uliona sawa. Shangazi aliondoka. Siwezi kubishana na mtu aliyekwenda jikoni bila kitu motoni.

Kurasa zako nimezisoma zote, midomo inacheza bila sauti, Rehemah akanifukuza nikasomee nje. Kuhusu ngumi: mtu mmoja umempa maneno kumi na tisa kwa kuanguka kwa sekunde mbili. Futa yote. Ngumi inajisema, na watu wa kibandani watakusaidia kuisema. Afande wako nimemwogopa. Fundi wa majeneza mwache asubiri kidogo kabla ya kujibu, watu wamalize kucheka, la sivyo watapoteza jibu lake. Na ule mstari mtupu umeujaza sasa, nimeuona. "Huwezi kulichukua. Kaa tu hapa." Nimeupiga alama ya tiki kwa kalamu nyekundu ya Rehemah.

Sasa sikia. Nimemwambia Muzafaru ukweli, kwa maandishi. Kisha akasema amekwisha kuandika kwenye ubao kuwa mwisho wa Nakato ni Jumamosi tarehe ishirini na tatu Agosti, saa nane mchana, na kama mimi siwezi, ataleta vijei kutoka Kampala. Huyo akikaa kwenye kiti changu hatoki tena, namjua. Nikamwandikia kwamba mtafsiri ninaye. Akauliza, nani? Nikaandika jina lako. Akauliza tena, nani?

Hujawahi kusikia vijei msichana, na mimi sijawahi. Lakini Nakato ni mwanamke, na sehemu saba zote amesemewa na dume la Walukuba lenye uvimbe kooni. Shule yako inafungwa tarehe ishirini na mbili Agosti. Shangazi akikubali, njoo naye. Kama hutaki, sema hutaki. Sitanuna, na hata nikinuna hutasikia.

Kaka yako,
Wahab


Walukuba, Jinja
Jumapili, 24 Agosti 2025

Kaka Wahab,

Assalaam alaykum. Rehemah alituma ujumbe kwa simu ya shangazi kwamba umepasuliwa salama Jumatano, umeamka, na unamkataza mgonjwa wa kitanda cha pili kukoroma kwa kumwandikia barua. Alhamdulillah. Hakutuma zaidi ya hayo, nasi hatukuthubutu kuuliza kwa simu. Naandikia mezani kwako. Shangazi amelala kwenye kitanda chenu kwa sababu ya mgongo. Niliapa mwezi wa Juni kukuambia kila kitu, kwa hiyo nakuambia ya jana.

Muzafaru alinitazama mlangoni kutoka hijabu mpaka viatu.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye," akasema shangazi.

"Mama, hapa watu wanatukana."

"Mimi nimeuza nguo soko la Mbale miaka thelathini. Nionyeshe benchi langu."

Akaonyeshwa. Alikaa mbele kabisa, mkoba magotini, na mabenchi mawili nyuma yake yakawa na adabu.

Nilikaa kwenye kiti chako. Ulisahau kuniambia kwamba kinayumba. Niliposema, "Haya Jinja, kaeni sawa," sauti ilitoka kama ya mtu anayeomba ruhusa ya kwenda msalani. Mtu akapiga kelele, "Wahab amegeuka mwanamke!" Mwingine, "Ndiyo maana alijificha!" Wakacheka. Nikasoma haraka haraka mpaka nikampita Nakato, nikawa namjibia maswali ambayo hajaulizwa. Kijasho kilinitoka hadi karatasi zikashikana.

Kwenye ngazi nikapumzika, kwa sababu uliniambia nifute. Nilikaa kimya, na kibanda kizima kikawasemea wale watu sita, "Twa! Chukua! Huyo! Nyuma yako, dada!" Nikajua kwamba hawahitaji kila kitu kutoka kwangu. Baada ya hapo nilipumua. Fundi wa majeneza nilimsubirisha kama ulivyosema, na mzee mmoja aliendelea kurudia, "Silali sana! Eti silali sana!" huku anampiga jirani yake begani.

Afande aliposema, "Tafadhali, dada, keti," hakuna aliyecheka. Niliona mtu anajikunyata.

Halafu kisu. Halafu ngazi za hospitali. Mama yake Nakato anamwekea mikono juu ya jeraha, kana kwamba na yeye anaweza, na haliondoki. Nikasema, "Huwezi kulichukua. Kaa tu hapa." Nikazima kipaza sauti. Kwenye karatasi nilikuwa nimeandika: kimya, sekunde arobaini. Nilihesabu kwa vidole chini ya meza.

Nilipofika kumi na mbili, "Mashine imekufa!"

Nikashika kitufe.

Sauti nyingine kutoka nyuma, ya mtu mzima, ikasema, "Nyamaza we. Haijafa. Kuna mtu anaumia."

Wakanyamaza, Kaka. Nilisikia feni. Nilisikia pikipiki barabarani ikipita na kwenda mpaka ikaisha. Ishirini. Ishirini na tano. Nilitaka ufike uone. Na hapo hapo, nilipokuwa ninashinda, nikakukumbuka umelala Kampala na bandeji, na mikono ya yule mama kwenye picha ikawa inatetemeka. Nilikuwa nimejiapiza kwamba pale sitatia neno. Zilikuwa zimebaki sekunde kumi. Nikajua kwamba nikizingoja, kipaza sauti kikifunguliwa kitafungukia kilio, na sehemu iliyobaki haitakuwa na wa kuisema. Nikakifungua mapema nikasema, "Anayetaka kwenda kujisaidia aende sasa hivi, Nakato hatamkimbia."

Kibanda kililipuka. Sikuwahi kusikia kicheko cha namna ile. Walikuwa wanacheka na wanapangusa macho, wengine kwa mashati. Shangazi alikuwa na leso usoni, mabega yanatikisika, nami sikuweza kujua ni kipi kati ya viwili. Nilipomwuliza baadaye alisema hata yeye hakujua.

Kwa hiyo sijui ni nani alikuwa sawa kati yetu. Mwezi wa Juni nilijua. Nadhani neno lile lilifaa kwa kuwa walikuwa wamekwisha kunyamaza. Kama ningelitia kwenye sekunde ya pili lingewaibia. Lakini sikulipanga, lilinitoka kwa woga, na Mwalimu Docus akiniuliza anapochekesha hivi anaogopa nini, safari hii ninalo jibu.

Mwisho wenyewe unaujua, Nakato anaishi. Watu walitoka polepole. Muzafaru alikuja akanisimamia, akakuna kichwa, akasema, "Mwambie kaka yako kiti hiki kina mguu mbovu, nitautengeneza, na hakikaliwi na mtu wa Kampala." Kisha akasema likizo ya Desemba kuna mfululizo mwingine, wa mtu anayeruka. Nikamwambia nitaomba ruhusa kwanza, kwa shangazi na kwa mwenye kiti.

Otim anakuja Kampala kesho na atakupitia wodini, arudi Jumanne. Nimeacha nusu ya ukurasa huu wazi, chini ya jina langu, kwa sababu huwezi kusema. Nimemwambia asiondoke bila karatasi. Ukitaka kutania, tania, nafasi inatosha, lakini liwe la pili. La kwanza nijibu hili, kwa maneno machache tu, yawe yoyote: walichokitoa kooni mwako ni ule ugonjwa uliomchukua baba, au si wenyewe?

Mdogo wako,
Ruqaiya